Stesheni ya Quincy: Reli ya Juu Katikati ya Chicago

Stesheni ya Quincy, iliyofunguliwa mwaka 1897 mjini Chicago, Marekani, ni sehemu ya Loop, yaani mzingo wa reli uliojengwa juu ya barabara kwa nguzo za chuma, ili treni zilizunguke eneo la biashara bila kukwamishwa na msongamano wa magari ya farasi uliokuwa chini. Mfadhili mkuu wa mzingo huo, Charles Yerkes, alilazimika kwanza kukusanya saini za wamiliki wa viwanja vilivyopakana na barabara husika, kwa kuwa sheria ya jimbo la Illinois ilidai ridhaa yao kabla ya reli ya namna hiyo kujengwa.

Jengo la stesheni hiyo, lililobuniwa na msanifu Alfred Hedley, limefunikwa kwa mabati yaliyogandamizwa hadi yakapata sura ya nguzo za Kigiriki na mashada ya maua, na ndani yake mna kibanda cha mkata tiketi kilichotengenezwa kwa mbao.

Katika miaka ya 1970 ilikusudiwa kuubomoa mzingo huo na kuchimba reli ya chini ya ardhi badala yake, lakini mpango huo uliachwa mwaka 1979; mwaka 1988 ukarabati uliirejeshea Quincy sura yake ya awali, na mwaka 2018 ikaongezewa lifti zinazowafaa watumiaji wa viti vya magurudumu. Miji inayojenga reli leo haina budi kuuzingatia mfano huu, kwani urithi wa usafiri huweza kuhifadhiwa huku ukiendelea kuwahudumia wananchi kila siku.