Mkweche wa familia Mara: kinachokula hela siyo umri, ni kuunga-unga

Gari limechemka Kiabakari. Mvuke unatoka mbele, na bibi aliyetoka Bunda kuwahi kliniki Musoma ameketi kivulini, kadi yake mkononi. Fundi anafika na bodaboda, anainua boneti na kutazama paipu ya juu ya rejeta.

"Mama, hii paipu si tuliifunga mpira wiki iliyopita?"

"Uliifunga wewe, fundi. Ukasema itanifikisha."

Anayeendesha gari la zamani kati ya Bunda, Butiama na Musoma hahitaji kuhadithiwa zaidi. Wengi hulaumu umri: "Gari limechoka." Lakini mara nyingi kinachomaliza hela siyo miaka ya gari. Ni kitu kidogo kilichoahirishwa, kikafungwa mpira au waya, kikaja kuharibu kitu kikubwa.

Yafuatayo ni mambo ya kujua kabla hujaamua kulitengeneza, kulipaki au kuliuza.

Wese ndiyo bili kubwa

Kwa familia nyingi, mafuta hula hela kuliko gereji. Tofauti ni kwamba gereji huuma kwa mkupuo, wakati mafuta hula kidogo kidogo.

Mafuta ya Tanzania huingia kwa meli kupitia bandari za Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Mkoa wa Mara uko mbali na bandari zote tatu, na gharama ya kuyasafirisha imo ndani ya bei unayolipa sheli. EWURA hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mji kwa mji. Unaweza kuangalia ya kwako kwa kupiga *152*00# na kufuata maelekezo. Sheli haitakiwi kuuza juu ya bei hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo wengi wamelisahau. Bajeti ya 2017/18 ilifuta ada ya kila mwaka ya leseni ya gari, ile iliyozoeleka kama rodi laiseni. Badala yake, ushuru wa mafuta uliongezwa sh 40 kwa lita. Maana yake gari lililopaki halidaiwi ada hiyo, ila gari linalokunywa mafuta hovyo linailipa kila linapojazwa.

Kwa hiyo jua gari lako linakunywa kiasi gani. Jaza ful tenki, rudisha tripu kwenye sifuri, tembea siku zako za kawaida. Kisha jaza tena ful tenki kwenye sheli ileile. Gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizoongeza.

Tuseme unatembea kilomita 1,000 kwa mwezi na lita ni sh 3,000. Gari likienda kilomita 10 kwa lita, utatumia sh 300,000. Likishuka hadi kilomita 8 kwa lita, utatumia sh 375,000. Hiyo ni sh 75,000 zaidi kwa mwezi, au sh 900,000 kwa mwaka. Hela hiyo hupotea bila gari kulala hata siku moja.

Ulaji ukipanda ghafla, usikimbilie kushuka injini. Anza na vitu vya bei ndogo: upepo wa matairi, plagi zilizochoka, breki zinazoshika bila kukanyagwa, na sensa ya oksijeni. Kipimo sahihi cha upepo kiko kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva, siyo kichwani mwa mjaza upepo.

Kutoka paipu hadi hedi

Turudi Kiabakari. Paipu ya rejeta ni mpira, na mpira huzeeka kwa joto. Ukiuminya ukasikia umekuwa mgumu au una nyufa, muda wake umekwisha.

Paipu ikipasuka, maji yanamwagika. Injini ikiendelea kuzunguka bila maji, hedi inapinda na gasketi yake inaungua. Hapo ndipo maji na oili huanza kuchanganyika. Dalili ni maji kupungua bila kuona yanakovujia, moshi mweupe usiokatika nyuma, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa.

Ukifika hatua hiyo unalipia gasketi, kusawazisha hedi kwa mashine, oili mpya na siku kadhaa za fundi. Wakati mwingine unalipia injini nyingine ya mtumba. Yote hayo yalianza na paipu.

Gari likichemka, simama palepale pa usalama na uzime. Usifungue kifuniko cha rejeta likiwa la moto, maji yake yanaunguza vibaya. Usimwagie injini maji ya baridi pia, kwa sababu chuma cha moto kikipozwa ghafla kinaweza kupasuka. Subiri lipoe kabisa. "Twende tu polepole mpaka Makutano" ndiyo sentensi iliyoua injini nyingi.

Kuna tabia nyingine ya gereji zetu: gari likichemka mara moja, fundi anang'oa themostati na kuitupa. Ni kweli maji yatazunguka muda wote, lakini injini haitafikia joto lake la kazi kwa wakati. Kompyuta ya gari itaona injini bado ya baridi na kuendelea kuongeza mafuta. Umekwepa bei ya themostati, sasa unailipia sheli kila wiki. Mwambie fundi atafute chanzo: rejeta iliyoziba, feni isiyozunguka, pampu ya maji au kifuniko kilicholegea.

Na rejeta haipendi maji ya bomba au ya ziwani. Huacha kutu na magamba ndani. Weka kulanti.

Jua injini yako ina mkanda au cheni

Noah na Ipsum za zamani zenye injini ya 3S hutumia mkanda wa taimingi. Hali ni hiyohiyo kwa Spacio ya kwanza, Carina na Corolla zenye injini za 4A, 5A au 7A. Mkanda huo hubadilishwa kila baada ya kilomita 100,000 hivi. Ukikatika, gari linazima hapohapo, uwe mjini au katikati ya pori.

IST, na Spacio iliyofuata yenye injini ya 1NZ, hutumia cheni. Haina ratiba ya kubadilishwa kama mkanda, lakini inategemea oili safi. Anayechelewesha kumwaga oili ndiye huanza kusikia cheni ikigonga asubuhi.

Kama ulinunua gari bila kumbukumbu za servisi, usiiamini namba ya dashibodi. Chukulia mkanda ni wa zamani, ubadilishe, uandike tarehe. Kwenye 3S pampu ya maji huzungushwa na mkanda huohuo, hivyo badilisha vyote pamoja. Kazi ya kufungua ni ileile, kwa nini uilipie mara mbili?

Lami inaisha, vumbi linaanza

Barabara kuu ya Mwanza, Bunda, Musoma hadi Sirari ni lami. Lakini maisha ya familia hayaishii barabara kuu. Kuna msiba kijijini, kuna shamba, kuna mzazi anayekaa kilomita nyingi ndani kwenye njia ya changarawe. Huko ndiko shokapu, bushi, boljointi na tairodi zinakomalizwa.

Usisubiri kelele. Gari likivuta upande mmoja, tairi likilika ndani kuliko nje, au usukani ukitetemeka, chini kuna kitu. Ukipeleka alaimenti wakati boljointi imelegea, umechoma hela. Kaza au badilisha kwanza, alaimenti baadaye.

Kwa wanaopita kwenye vumbi kila siku, air kilina ifunguliwe na kukaguliwa kila servisi. Ikiziba nguvu inapungua, na ikichanika vumbi linaingia kwenye injini na kuisaga silinda.

Matairi yana umri hata kama kashata bado nene. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni. Ukiona 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linalong'aa kwa kupakwa rangi haliwezi kuficha namba hiyo. Lisome kabla ya kulipa.

Spea: nunua kabla ya shida

Spea za Toyota za kawaida zinapatikana Musoma na Bunda. Isiyokuwepo inaagizwa Mwanza au Dar es Salaam, inapakiwa kwenye basi kama kifurushi, na gari linasubiri. Siku hizo za kusubiri nazo ni gharama: nauli, bodaboda, kazi zilizokwama.

Kwa hiyo vitu vinavyojulikana kuwa vitaisha, kama mikanda, paipu, filta na pedi za breki, vinunuliwe mapema na kuwekwa ndani. Ukiagiza, tuma picha ya spea ya zamani pamoja na namba ya chesisi. Jina la gari peke yake halitoshi. Spacio mbili zinazofanana kwa nje zinaweza kuwa na injini tofauti.

Kwa fundi, kuna kanuni tatu za kistaarabu zisizomvunjia mtu heshima:

Kwanza, mwulize: "Fundi, umejuaje kwamba ni hiki?" Aliyepima atakuonyesha. Anayebahatisha ataanza kubadilisha kimoja baada ya kingine kwa hela yako.

Pili, omba spea iliyotolewa. Ni yako.

Tatu, tenganisha bei ya spea na bei ya ufundi. Ukipewa jumla moja hutajua ulichokilipia.

Kuunga si dhambi gari likiwa limelala njiani usiku. Kifunge kikufikishe. Ila kikishakufikisha, kesho yake kibadilishwe. Tatizo ni kesho inayogeuka kuwa miezi mitatu.

Usichobana matumizi

Hela ikiwa ndogo, kuna foleni. Breki, matairi, usukani na taa ndivyo vya kwanza. Vinafuata maji na oili ya injini. Redio, rangi na AC vinaweza kusubiri. Gari lisilosimama halifai kubeba mtoto hata kama injini yake ni nzima.

Bima ya mtu wa tatu, ile bima ndogo, ni lazima kisheria. Lakini inamlipa uliyemgonga. Haitengenezi gari lako. Kabla ya kulipa, hakikisha bima imeingia kwenye mfumo wa TIRA kwa namba ya gari, usiridhike na karatasi tu.

Daftari la buku mbili

Kifaa cha bei rahisi kuliko vyote ni daftari, au ukurasa kwenye simu. Andika tarehe, kilomita, kilichofanywa, bei na jina la fundi. Baada ya miezi sita daftari litakwambia jambo ambalo kichwa hakikumbuki: kwamba paipu ileile imefungwa mara nne, na jumla yake imezidi bei ya paipu mpya.

Pamoja na daftari, tenga mfuko wa gari. Mfano, weka sh 80 kwa kila kilomita unayotembea. Kwa kilomita 1,000 ni sh 80,000 kwa mwezi, iwekwe kwenye akaunti ya simu isiyoguswa. Siku shokapu zikifa, hutakimbilia ada ya mtoto.

Lini uliachie?

Hapa ndipo familia hugombana. Mmoja anasema liuzwe, mwingine anasema limeshatugharimu mno kuliachia sasa. Hoja ya pili ndiyo ya hatari. Hela iliyokwisha kutumika hairudi, lihifadhiwe au liuzwe. Swali ni hela inayofuata.

Chukua matengenezo yanayotakiwa sasa, ugawe kwa miezi ambayo gari litatembea bila shida nyingine kubwa. Tuseme unatakiwa sh 1,500,000 na fundi unayemwamini anaona mwaka mzima mbele. Ni sh 125,000 kwa mwezi. Sasa linganisha na njia nyingine: nauli za familia nzima, au rejesho la mkopo wa gari jingine.

Gari jingine nalo lina hesabu yake. Linaloagizwa nje likiwa na umri wa miaka 8 na zaidi hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi za kawaida. Tovuti ya TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika, kiangalie kabla hujatuma hela Japani. Wengi wakimaliza hesabu hiyo hugundua mkweche wao una thamani kuliko walivyodhani.

Lakini kuna mstari. Bodi ikioza kwa kutu sehemu zinazobeba magurudumu, au matengenezo ya mwaka yakizidi bei ambayo gari lingeuzwa, au familia ikianza kuogopa kusafiri nalo, daftari limeshajibu. Liuzwe likiwa linatembea. Gari lililolala chini ya mwembe kila mnunuzi hulitaka kwa bei ya chuma chakavu. Na ukiuza, hamisha umiliki TRA, la sivyo faini za trafiki za mwenye gari mpya zitaendelea kusoma jina lako.

Pale Kiabakari bibi alipandishwa hiace ya Musoma akafika kliniki kwa kuchelewa. Gari lilivutwa kurudi Bunda. Safari hii mwenye gari hakuuliza kama paipu inaweza kufungwa tena. Aliuliza mpya ni shilingi ngapi, akanunua mbili.