Kengele ya Tsar

Kengele ya Tsar (kwa Kirusi: Царь-колокол, hutamkwa "tsar kolokol") ni kengele kubwa ya bronzi iliyoko ndani ya Kremlin, mjini Moscow, nchini Urusi. Ni kengele nzito kuliko zote zilizopo duniani: ina uzito wa takriban tani 202, kimo cha mita 6.14 na upana wa mita 6.6 mdomoni. Ndovu dume mkubwa wa Afrika ana tani 6 hivi, kwa hiyo wangehitajika zaidi ya 30 ili kulingana nayo. Pamoja na ukubwa huo wote, haijapigwa hata mara moja.

Neno "tsar" lilikuwa cheo cha watawala wa Urusi, na asili yake ni jina la Kilatini Caesar, lile lile lililozaa neno "Kaisari". Katika jina hili maana yake si kengele ya mtawala fulani, bali mfalme wa kengele.

Kengele zilizotangulia

Kengele hii ni ya tatu katika ukoo wake. Ya kwanza ilitengenezwa karibu na mwaka 1600 ikiwa na tani 18 hivi, ikaanguka kwa moto. Ya pili, ya mwaka 1655, ilipita tani 100, nayo ikaharibiwa na moto mwaka 1701. Moscow ya wakati huo ilijengwa zaidi kwa mbao, na moto ulikuwa adui wa kila mara.

Kusubiwa kwake

Mwaka 1730 Malkia Anna Ivanovna aliamuru vipande vya kengele ya pili viyeyushwe, viongezwe shaba mpya, na isubiwe kengele kubwa zaidi. Inasimuliwa kwamba fundi mmoja wa mfalme wa Ufaransa alipoulizwa kama angeweza kuifanya kazi hiyo, alidhani anataniwa. Kazi ikapewa Mrusi, Ivan Motorin, na mwanawe Mikhail.

Kengele ya namna hii haisubiwi karakanani kisha ikabebwa. Mafundi walichimba shimo la kina cha mita 10 hivi papo hapo Kremlin, wakajenga ndani yake kalibu ya udongo yenye sehemu mbili: moyo wa ndani na ganda la nje. Nafasi iliyobaki kati yake ndiyo iliyokuwa kengele. Ganda lilishindiliwa udongo pande zote, kwa sababu metali iliyoyeyuka husukuma kwa nguvu sana na ingeweza kuipasua kalibu. Jaribio la mwaka 1734 lilishindikana kutokana na hitilafu za matanuri. Ivan Motorin alifariki mwaka 1735 kabla ya kuiona kazi yake; ni Mikhail aliyeimaliza mnamo Novemba mwaka huo huo.

Moto wa mwaka 1737

Kengele ilikuwa bado shimoni, mapambo yake hayajakamilika, moto mkubwa ulipoikumba Moscow mnamo Mei 1737. Kiunzi cha mbao kilichokuwa juu yake kilishika moto na magogo yanayowaka yakaangukia shimoni. Watu waliogopa bronzi isije ikayeyuka, wakaimwagia maji. Kwa maelezo ya kawaida, maji hayo ndiyo yaliyoiponza: metali yenye joto kali ikipozwa ghafla hujikunja upande mmoja kuliko mwingine, na bronzi ya kengele, yenye stani (bati) nyingi, ni ngumu lakini haipindi. Ilipata nyufa, na kipande cha tani 11.5 kikameguka. Kipande hicho peke yake kinakaribia uzito wa Big Ben ya London, yenye tani 13.7.

Kuinuliwa

Ilikaa shimoni karibu miaka 100. Mwaka 1836 msanifu Mfaransa Auguste de Montferrand, aliyejenga Kanisa Kuu la Mt. Isaka mjini Saint Petersburg, aliitoa kwa kamba na roda na kuiweka juu ya msingi wa mawe karibu na mnara wa Ivan Mkuu. Iko hapo hadi leo, na kipande chake kimeegemea kando.

Kama ingelia

Kirusi hakina desturi ya kuyumbisha kengele kama makanisa ya Magharibi yanavyofanya. Kengele hutulia, na mpigaji huvuta kwa kamba ulimi wa ndani hadi ugonge ukingo. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Marekani walikokotoa kwa kompyuta sauti ambayo kengele hii ingetoa kama ingekuwa nzima, wakaisikilizisha hadharani kwa vipaza sauti huko Berkeley, California. Ilikuwa sauti nzito ya chini sana. Kengele nzito zaidi inayopigwa kweli ilikuwa kwa muda mrefu ile ya Mingun nchini Myanmar, yenye tani 90 hivi, hadi Wachina walipoipita mwaka 2000.