Maumivu ya Kiuno na Kiungo cha Nyonga

Mtu asemapo, "Kiuno chaniuma," hajatwambia bado mahali penyewe, maana neno hilo hukusanya mengi. Chini ya uti wa mgongo upo mfupa wa pembetatu, ambao Walatini waliuita Mfupa Mtakatifu (kwa nini, wataalamu hawajapatana). Kulia na kushoto umeungana na mifupa ya nyonga. Nyuso za kiungo hicho zina umbo la sikio, nazo zina vinundu na vishimo viingianavyo. Mfupa wenyewe umekaa kama kabari, na kano nene zaufunga. Kwa hiyo kiungo hucheza kidogo mno, na asemaye kwamba kimeteguka kwa kuinua mtungi akosea; hakitoki mahali pake ila kwa pigo kubwa. Lakini kuuma chaweza, hasa kwa mja mzito, kano zilegeapo.

Tabibu humwambia mgonjwa aonyeshe kwa kidole kimoja. Akigusa penye kishimo kilicho juu ya tako, kiungo hiki chashukiwa. Kisha hukijaribu kwa kubana nyonga, au kusukuma paja lililokunjwa. Jaribio moja halitoshi. Yafaa matatu au zaidi yaamshe maumivu yale yale.