Kete Si Fedha: Istilahi za Hatua za Mwisho za Mashindano ya Poka

Mfasiri wa maandishi ya mchezo wa karata uitwao poka hukutana mapema na vile visahani ambavyo wachezaji huwekeana dau. Wako wanaoviita fedha. Istilahi hiyo haifai, na ubaya wake hudhihirika mashindano yanapokaribia kwisha. Chipu lingefaa, lau lisingekumbusha viazi vya kukaanga. Tunapendekeza kete, neno walilolizoea wachezaji wa bao na dama.

Katika mashindano makuu ya Las Vegas ya mwaka 2024, washiriki 10,112 walilipa kiingilio cha dola 10,000 na kupewa kete 60,000 kila mmoja. Mshindi alimaliza na kete zote, lakini akatuzwa dola milioni 10 kati ya zaidi ya milioni 94.

Tuchukue wachezaji watatu wenye ujuzi sawa na kete sawa, wakigombea tuzo za 50, 30 na 20. Kila mmoja anatarajia 33.3. Mmoja akiziweka kete zake zote dhidi ya mwenzake na kushinda, kete huwa maradufu, ila matarajio hufika 43.3 tu, akishindwa, hutoka na 20. Basi asithubutu pasipo nafasi ya kushinda inayozidi asilimia 57. Ndiyo maana mchezaji mahiri hutupa karata nzuri, na mwenye kete nyingi huwabana wale wa kadiri. Msomaji aliyeambiwa kuwa visahani hivyo ni fedha ataudhani uamuzi huo kuwa woga.