KUPUNGUZA MWENDO WA MOTA YA KINOO

Jembe butu na shoka butu humchosha mkulima bure. Fundi mwenye mota kuukuu ya umeme aweza kutengeneza kinoo cha kuzunguka, akawanolea na majirani. Lakini kwanza lazima apunguze mwendo.

Umeme wa Kolwezi, utokao katika mabwawa ya mto Lualaba kama Nzilo na Nseke, hupiga mara 50 kila sekunde. Kwa umeme huo mota nyingi za karakana huzunguka kama mara 1,450 kwa dakika. Tazama kibao cha mota yako. Hesabu imeandikwa hapo. Kinoo cha maji chataka mara 90 tu. Kikienda mbio kama mota, jiwe laweza kupasuka na vipande vyake kuua mtu. Tena chuma hupata moto, hugeuka buluu na kupoteza ugumu wake.

Usijaribu kupunguza mwendo kwa kupunguza umeme, kama watu wapunguzavyo mwanga wa taa. Mota ya namna hii hukosa nguvu, na waya zake huungua. Iache iende mwendo wake. Punguza kwa magurudumu ya mikanda.

Njia ni hii. Funga gurudumu la upana wa sentimeta 6 kwenye mota, na la sentimeta 24 kwenye mhimili wa katikati. 24 ni mara nne ya 6. Basi mhimili utazunguka robo ya 1,450, yaani kama mara 362. Kwenye mhimili huo huo funga gurudumu jingine la sentimeta 6, mkanda wake uende kwenye gurudumu la sentimeta 24 lililo kwenye mhimili wa jiwe. Robo ya 362 ni kama 90. Ikiwa kibao chasema 2,900, hesabu upya.

Mambo ya kuangalia:

1. Funika mikanda yote kwa bati au mbao, isikamate nguo wala vidole vya watoto.

2. Mkanda ukilegea utateleza. Ukikazwa mno utaharibu beringi.

3. Maji yasiifikie mota. Mwili wa mota uungwe na ardhi kwa waya.

4. Jiwe lenye ufa usilitumie kabisa.

5. Tia alama ya chaki kando ya jiwe, washa ukiwa umesimama pembeni, uhesabu mizunguko kwa dakika moja. Ikizidi sana 90, zima, upime magurudumu tena kabla ya kunoa.