Mbolea ya Chumvichumvi ni Chumvi Kweli

Ndugu Wanachama,

Kila masika yakikaribia, swali moja hurudi hapa ofisini: je, yafaa kuchanganya mbolea ya chumvichumvi na chokaa au majivu, ili kazi ya kumwaga iwe moja? Jibu ni kwamba haifai kabisa. Lakini neno "haifai" peke yake halimtoshi mtu aliyetoa fedha yake kununua gunia, kwa hiyo twapenda kueleza sababu. Na sababu yenyewe imo katika jina la mbolea.

Walioiita chumvichumvi waliona chembe nyeupe mfano wa chumvi ya jikoni, wala hawakukosea. Katika elimu ya kemia, salfeti ya amonia ni chumvi hasa, na mwenye kuifahamu chumvi ya mchuzi ataifahamu mbolea hii pia.

Basi tuanze na chumvi ya mchuzi. Imefanywa kwa vitu viwili. Kimoja ni sodiamu, madini laini hata hukatika kwa kisu, na ikitiwa majini huruka kwa vishindo na kuwaka. Cha pili ni klorini, gesi ya sumu ambayo jeshi la Ujerumani liliitumia kuua askari huko Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915. Ajabu ni kuwa vitu viwili vya hatari vikiungana huwa chakula. Huwaje?

Kila kitu kimefanywa kwa atomu, na kila atomu imezungukwa na vijipande vidogo mno vya umeme viitwavyo elektroni. Sodiamu inazo 11, na ya mwisho iko peke yake ukingoni, nyepesi kutoka. Klorini inazo 17, na ukingoni imepungukiwa na moja tu. Zikikutana, sodiamu hutoa na klorini hupokea. Iliyotoa hubaki na umeme wa alama ya kujumlisha (+), na iliyopokea huwa na umeme wa alama ya kutoa (−), kama ncha mbili za betri ya tochi. Atomu zilizogeuka hivi huitwa ayoni, jina alilolitumia Mwingereza Michael Faraday mwaka 1834. Za kujumlisha na za kutoa huvutana kwa nguvu, zikajipanga safu kwa safu. Ndiyo maana chumvi haiyeyuki chunguni ikikaangwa kavu. Yataka joto la digrii 801 za sentigredi.

Lakini lililoushinda moto wa jikoni, maji hulifanya kwa upole. Maji huingia baina ya ayoni, yakazizunguka na kuziachanisha. Chumvi haikupotea katika bilauri. Imeachana tu, na kila ayoni yaenda njia yake.

Si vitu vyote vilivyofungamana hivyo. Katika mafuta ya karafuu zetu atomu hazipani elektroni, bali hushirikiana. Hayaachani kuwa ayoni, na ukiyatia katika maji sehemu kubwa huzama chini yakakaa mbali.

Sasa tuitazame mbolea. Salfeti ya amonia ina ayoni za namna mbili: amoniamu (+), yenye naitrojeni inayoutia mmea majani, na salfeti (−). Katika gunia la kilo 50 mna naitrojeni kiasi cha kilo 10 na nusu. Hiyo ndiyo hasa mliyoinunua, na yaweza kupotea kwa njia tatu.

Kwanza, kwa mvua. Udongo wa mfinyanzi una alama ya kutoa, kwa hiyo huishika amoniamu. Lakini kwa muda wa wiki chache vijidudu vya udongoni huigeuza kuwa nitreti, yenye alama ya kutoa. Hiyo udongo hauishiki, na mvua huishusha chini mizizi isikofika. Basi msimwage yote kwa mara moja, wala siku ya mvua kubwa. Gaweni kidogo kidogo.

Pili, kwa kuunguza. Samaki akitiwa chumvi hutoka maji, na mizizi ya mche ikilaliwa na mbolea nyingi hupatikana na hayo hayo. Msiirundike shinani. Imwageni kwa mviringo mbali na shina, udongo ukiwa na unyevu.

Tatu, na ndilo swali letu, kwa kuchanganya. Ayoni zikishaachana huweza kushikana na nyingine. Salfeti hushikana na kalsiamu ya chokaa, ikawa jasi. Amoniamu nayo hunyang'anywa na chokaa sehemu yake moja ya hidrojeni, ikageuka amonia, ambayo si ayoni tena bali ni gesi, ikaruka. Majivu yakipata unyevu hufanya vivyo hivyo. Anayetaka kuhakikisha na achanganye mbolea kidogo, chokaa kidogo na matone ya maji katika kifuu, mahali pa wazi. Atasikia harufu ya kuchoma pua, kama ya banda la punda lisilofagiwa. Harufu hiyo ndiyo naitrojeni yake, yaenda angani na fedha yake pamoja.

Hata hivyo chokaa si adui. Salfeti ya amonia ikitumiwa miaka mingi huutia udongo uchachu, na chokaa ndiyo dawa yake. Yafaa kutenganisha tu: chokaa au majivu yatangulie, yafukiwe, zipite wiki kadhaa za mvua, ndipo mbolea ifuate. Ghalani pia magunia yake yakae mbalimbali, juu ya mbao, mahali pakavu. Na kipimo cha kila mti, kwa kuwa mashamba hayafanani, muulizeni Bwana Shamba wenu.

Wasalaam,
Katibu