Bandu Bandu Huisha Gogo: Kero Ndogo Zinazotula Kiswahili Chetu

Makala haya hayahusu matatizo makubwa. Kodi ya chumba, viza, ada na mitihani vina waandishi wake. Mimi nataka tuzungumzie kero: vile vijambo vidogo ambavyo ukimweleza mtu anacheka na kusema, "Ndiyo hilo tu?", nawe unabaki umenuna peke yako. Kero ni kama kichangarawe ndani ya kiatu. Hakikuzuii kufika unakokwenda, lakini njia nzima unakiwaza chenyewe.

Niliwauliza wenzangu wa chama, wengi wao wakiwa wamezaliwa au kukulia hapa Uingereza kama mimi, kila mmoja anitajie kero yake. Nilitegemea kusikia habari za treni zinazochelewa na watu wanaoongea kwa spika ya simu ndani ya basi. Hizo nilizipata. Lakini kero zilizosimuliwa kwa uchungu zaidi zilikuwa za aina nyingine. Zilitokea pale Kiswahili kilipokutana na mashine, na fomu, au na watu wetu wenyewe. Na karibu kila moja iliishia na maneno yaleyale: "Basi, nikaona bora niseme kwa Kiingereza."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike.

Simu inayojua kuliko mwenyewe

Mama anauliza kwa ujumbe, "Umeshakula?" Mtoto yuko maktaba, anaandika haraka, "Bado." Simu inaona hilo ni kosa, inalisahihisha, na kutuma "Bad". Hata dakika haijapita, mama anapiga. "Kuna nini? Nani kakufanya nini?" Mwenzetu aliyenisimulia kisa hiki alilazimika kutoka maktaba kwenda kueleza kwamba hakuna msiba, ila njaa tu.

Kila mmoja wetu ana chake. "Hapa" inageuka "happy". "Sana" inageuka chochote simu inachokipenda siku hiyo. Ukikaa kwenye kompyuta kuandika insha ya Kiswahili, mistari myekundu inatanda chini ya maneno mpaka ukurasa unaonekana kama umecharazwa bakora.

Simu haina chuki nasi. Programu nyingi za kusahihisha zilianza na orodha ya maneno: neno likiwemo ni sahihi, lisipokuwemo ni kosa. Kwa Kiingereza, chenye vitenzi visivyobadilika sana, orodha inafaa. Sasa chukua kitenzi chetu kimoja, piga, ukifanye pigia. Weka nafsi sita mbele, nyakati nne za kawaida (na, li, ta, me), na watendwa watano (ni, ku, m, tu, wa). Sita mara nne mara tano ni 120. Hata ukiondoa yasiyosemeka, kama "nilinipigia", unabaki na karibu mia moja, na hujagusa kukanusha, wala "ningekupigia", wala "aliyenipigia". Orodha gani itabeba hayo kwa kila kitenzi? Mashine inahitaji kufundishwa kulivunja neno vipandevipande, na kazi hiyo ina wenyewe wachache.

Wapo waliojaribu mapema. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Tangu hapo lugha yetu imepanda vyeo: mwaka 2021 UNESCO iliamua tarehe 7 Julai iwe Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea kiwe moja ya lugha zake za kazi. Taarifa hizo hazijaifikia simu yangu.

Saa mbili ya wapi?

Shangazi aliyeko Tanga anakwambia, "Nipigie saa mbili." Hapo una mafumbo matatu kabla hujagusa simu. Je, ni saa mbili kwa Kiswahili, au ameamua kukurahisishia kwa kusema kizungu? Je, ni ya kwake au ya kwako? Na je, ni mwezi gani?

La mwezi si mzaha. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa za Uingereza hurudishwa nyuma, na Jumapili ya mwisho ya Machi husogezwa mbele. Afrika Mashariki hawana habari na michezo hiyo. Kwa hiyo saa mbili usiku ya Tanga ni saa kumi na moja jioni kwetu mwezi Januari, lakini ni saa kumi na mbili mwezi Julai. Shangazi hajabadilisha chochote, ila wewe umechelewa, na utaambiwa kuwa Ulaya imekuharibu.

Saa ya Kiswahili ina mantiki nzuri kwao. Karibu na ikweta jua huchomoza na kuzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo ni jambo la akili kuanza kuhesabu asubuhi inapoanza. Hapa jua halina adabu. Desemba, London, linazama kabla ya saa kumi jioni. Juni linakaa mpaka saa tatu usiku imepita. Ukimwambia mtoto aliyekulia hapa kwamba saa moja usiku ni saa ya kwanza ya usiku, atachungulia dirishani mwezi Juni akuone mwongo.

Wengi wetu tumetoroka kwa kuandika tarakimu tu: 17:00. Inafanya kazi. Lakini nina binamu mdogo hapa ambaye akisikia bibi anasema "saa sita kasorobo" anamtazama mama yake ili apewe tafsiri. Anakielewa Kiswahili kingine chote. Saa tu ndiyo iliyompotea, kwa sababu hakuna aliyeitaja mbele yake.

Barua za babu

Fomu za nchi hii zinataka jina la kwanza na jina la ukoo. Sisi ambao asili yetu ni Unguja na Pemba, kama watu wengine wengi wa pwani, tuna jina letu, la baba, na la babu. Hatuna la ukoo linalotembea na kila mtu. Ukilazimishwa, unamweka babu pale mwisho. Matokeo yake benki inaniandikia barua kwa jina la babu yangu, ambaye hakuwahi kuikanyaga Uingereza na ambaye, Mungu amrehemu, hana deni na mtu. Mama yangu, ambaye kwa desturi hakubadilisha jina alipoolewa, ana jina la mwisho tofauti na langu, na uwanja wa ndege tuliwahi kuulizwa kwa upole kama kweli ni mtu na mwanawe.

Kisha kuna kulitamka hilo jina. Wenzetu ambao majina yao yanaanza na Mw- au Ng'- wamebuni kitu wanachokiita "jina la kahawa": jina fupi la kumtajia muuzaji ili aandike kwenye kikombe na foleni isonge. Nilicheka nilipolisikia. Baadaye mmoja akaniambia kwamba jina lake la kahawa sasa analitumia hata kazini, na kwamba akiitwa kwa jina lake halisi nje ya nyumbani huchelewa kuitika.

Kicheko

Sasa tuingie nyumbani, kwenye kero ambayo hatuwezi kuisingizia mashine.

Unakwenda likizo, au unapiga simu tu. Unawaamkia wakubwa, "Shikamoo," unaitikiwa, "Marahaba," unaambiwa umenenepa (hiyo nayo ni kero, lakini tuiache). Unaanza kueleza jambo. Katikati ya sentensi mtu anacheka. Si kwa ubaya. Umesema "kitabu yangu", au sauti yako imepanda pale ambapo ya mswahili hushuka. Binamu anakuigiza, watu wanacheka tena, kisha anakujibu kwa Kiingereza ili kukusaidia.

Hapo ndipo mlango unapofungwa. Hakuna aliyekukataza kusema. Ila kesho yake unapima: niseme kwa Kiswahili nichekwe, au niseme kwa Kiingereza nieleweke? Wenzangu kadhaa waliniambia kwamba sasa wanazungumza na bibi zao kwa kupitia mama. Bibi anauliza, mama anatafsiri, mjukuu anajibu, mama anarudisha. Bibi mwenyewe hakuwahi kucheka. Alikuwa anasubiri tu sentensi iishe.

Aksanti

Na chamani? Tusijitoe. Mwenzetu mmoja, ambaye wazazi wake ni wa Bukavu, alisema "aksanti" kwenye mkutano na akasahihishwa na watu watatu kwa mpigo: "Ni asante!" Mkutano uliofuata hakusema kitu.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Limetoka Kiarabu, ahsanta, yaani umefanya vyema, na ndiyo maana wengine huandika "ahsante". Ile k ya Bukavu imekaa palepale ilipokuwa h ambayo "asante" yetu imeiacha. Basi nani alipaswa kumsahihisha mwenzake? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja baada ya uamuzi uliofanyika Mombasa mwaka 1928. Tunakihitaji kwa vitabu na mitihani, na walimu wetu wana haki ya kutudai kwenye insha. Lakini mazungumzo ya chai si mtihani. Mtu wa Mombasa, wa Lubumbashi, wa Muscat na wa Dar es Salaam wakikaa meza moja, kila mmoja ana Kiswahili cha kwao, na chama hiki kipo ili wote wapate pa kukisemea.

Gogo linavyoisha

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Hakuna kero hata moja kati ya hizi inayoweza kuua lugha. Mstari mwekundu hauui. Saa hazisomeki, basi tunaandika tarakimu. Jina ni refu, basi tunalikata. Binamu anacheka, basi tunanyamaza. Kila uamuzi peke yake una akili, na kila mmoja unachukua kibanzi. Wazazi wetu hawakukaa siku moja wakaamua watoto wao wasijue Kiswahili, na sisi hatutakaa siku moja tukaamua hivyo kwa wetu. Itatokea kwa kuona bora tuseme kwa Kiingereza, leo tu, kwa sababu foleni ni ndefu.

Kwa bahati nzuri kero ndogo zina dawa ndogo. Ongeza kibodi ya Kiswahili kwenye simu yako. Ipo kwenye simu nyingi, na itajifunza maneno unayoyatumia. Ukipanga miadi na watu wa nyumbani, fanya kama watangazaji wa redio, sema "saa mbili usiku, saa za Afrika Mashariki", na useme kwa mdomo mbele ya wadogo zako. Mtajie muuza kahawa jina lako lote, mara mbili ikibidi, foleni haitakufa. Mkiwa nyumbani na mtu akakosea, mwacheni amalize kwanza, kisha mmjibu kwa Kiswahili hichohicho alichoanza nacho. Na hapa chamani, napendekeza tukubaliane kwamba anayetaka kumsahihisha mwenzake asubiri aombwe.

Walimu wetu wataona kwamba sikugusa kero zao, hasa ile ya insha zinazofika dakika moja baada ya muda kwisha. Nawaachia ukurasa wa toleo lijalo.

Nawe msomaji, kero yako ni ipi? Tuandikie. Iandike kwa Kiswahili, cha kwenu, hata kama mistari myekundu itajaa ukurasa mzima.